Mivuke ya Gundi na Petroli: Hatari Iliyomo Nyumbani Mwetu

Tunapozungumza juu ya dawa za kulevya, wazazi wengi hufikiria bangi, heroini na pombe haramu. Ni wachache wanaokumbuka gundi ya viatu, petroli, thina ya rangi, dawa ya kupuliza ya kuua mbu, gesi ya kujazia viberiti na kiondoa rangi ya kucha. Vitu hivi hununuliwa dukani bila maswali na vina kazi halali nyumbani. Ndiyo maana kijana anayevuta mivuke yake ili alewe anaweza kuendelea kwa muda mrefu bila kugunduliwa.

Katika miji yetu tumezoea kuihusisha gundi na watoto wa mitaani. Kanisa limewahudumia watoto hao kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Padre Arnold Grol, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha Undugu Society jijini Nairobi kwa ajili yao. Hata hivyo, mazoea hayo yasitufumbe macho. Kijana mwenye wazazi, sare ya shule na kitanda chake anaweza kuifikia chupa ile ile.

Madhara kwa mwili

Mivuke hupita mapafuni na kuufikia ubongo upesi. Kijana huona kizunguzungu, hucheka ovyo, huyumba na kutamka maneno kwa shida. Anayevutia ndani ya mfuko wa plastiki anaweza kufa kwa kukosa hewa. Mwingine hutapika akiwa amezimia na kupaliwa na matapishi. Gesi ya viberiti ikipulizwa moja kwa moja kinywani huweza kuunguza koo kwa baridi yake kali.

Kwa anayeendelea, toluini iliyomo katika gundi na thina nyingi huharibu ubongo, figo na usikivu. Heksani, iliyomo katika baadhi ya gundi, hudhoofisha neva za miguu na mikono hata mtu akashindwa kutembea vizuri.

Lililo zito zaidi ni kwamba hata mara ya kwanza inaweza kuua. Mwaka 1970 daktari Millard Bass wa Marekani alichapisha taarifa ya vifo 110 vya ghafla vya vijana waliovuta mivuke ya namna hii. Alieleza kwamba huenda mapigo ya moyo yalivurugika, hasa pale palipokuwa na taharuki au matumizi ya nguvu. Mivuke hiyo huufanya moyo uwe mwepesi kushtushwa na homoni ya adrenalini, ambayo mwili huimwaga mtu anapoogopa au kukimbia.

Ukimkuta mtoto akivuta

Kwa sababu hiyo, mzazi asipige kelele, asimpige mtoto wala kumkimbiza. Aseme naye kwa sauti ya chini, aondoe chupa au kitambaa, afungue milango na madirisha, azime moto wowote, na amketishe atulie. Akizimia lakini anapumua, alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Asipopumua, aanze kusaidiwa kwa kukandamizwa kifua huku msaada ukiitwa. Maonyo na mazungumzo yasubiri mpaka kijana awe amepata nafuu.

Dalili za kuangalia ni harufu ya kemikali katika pumzi au nguo, vipele kuzunguka mdomo na pua, madoa ya rangi mikononi, matambara yaliyofichwa, na makopo yanayokwisha kabla ya wakati wake.

Mafundisho ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu (na. 2288), na kwamba kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba, ni kosa zito (na. 2291). Katekisimu hiyo hiyo inakiri kwamba ujinga, woga na mazoea huweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake (na. 1735). Kwa hiyo tendo tuliite kwa jina lake, lakini tusimwite kijana kwa jina la tendo hilo. Mara nyingi nyuma ya chupa kuna msiba, ugomvi wa wazazi, njaa au shinikizo la marafiki.

Familia ni Kanisa la nyumbani, na ulinzi unaanzia hapo: petroli, gundi na thina vifungiwe, na vijana waelezwe hatari yake kabla hawajaelezwa na wenzao. Makatekista wanaweza kulizungumzia jambo hili katika mafundisho ya Kipaimara, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuisindikiza familia iliyoguswa bila kuisengenya. Nchini Kenya na Tanzania, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupokea wito wa mtoto au wa mzazi anayehitaji ushauri. Kijana aliyekwisha kuzoea anahitaji daktari na mshauri pamoja na Sakramenti ya Upatanisho. Kimoja kisichukuliwe kuwa badala ya kingine.