Pasaka Mikononi mwa Watoto

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo. Ni kazi za mikono ambazo watoto wanaweza kuzifanya nyumbani wakati wa Pasaka: msalaba wa ukindu, yai lililotiwa rangi, kaburi la udongo, na mbegu ndani ya mkebe. Mzee mmoja atauliza, "Je, huo si mchezo tu?" Mwingine atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Na ndugu mwingine, mwenye bidii ya imani, atatuonya kwamba desturi za namna hiyo Kanisa letu lilizikataa zamani. Maswali hayo ni ya haki, nayo yanataka majibu. Hebu basi tuitazame historia.

Tuanze na Maandiko. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli waliagizwa wale mwana-kondoo, mboga chungu na mkate usiotiwa chachu. Kisha Mungu akasema kwamba siku itakuja watoto wao watauliza maana ya ibada hiyo, nao wazazi watajibu. Tena katika Yoshua, sura ya 4, mawe 12 yalitolewa katikati ya Yordani, yakasimamishwa Gilgali, ili watoto waulize habari zake. Angalieni taratibu hiyo, wapenzi. Mtoto kwanza anaona, anashika, anaonja. Baadaye anauliza. Ndipo mzazi anafungua kinywa. Mara nyingi sisi huligeuza jambo hili. Twaanza na maelezo marefu, mtoto akiwa hana kitu mkononi wala swali moyoni, kisha twashangaa kwamba amelala.

Katika Agano Jipya, Mathayo 21 inatuonyesha watoto hekaluni wakipaza sauti kumsifu Mwana wa Daudi. Wakuu wa makuhani walikasirika, lakini Yesu hakuwanyamazisha watoto wale. Na Kanisa la kwanza halikusahau. Katika karne ya 4 mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alisafiri kutoka nchi za magharibi mpaka Yerusalemu, akaandika habari za ibada alizoziona. Anasema kwamba Jumapili iliyotangulia Pasaka, watu wote walikusanyika juu ya Mlima wa Mizeituni. Ilipofika saa kumi na moja jioni, Injili ilisomwa, kisha wote wakateremka kwa miguu hadi mjini. Watoto walikuwamo, hata wale wadogo wasioweza kutembea, waliobebwa mabegani na wazazi wao, na kila mmoja alishika tawi la mtende au la mzeituni. Hiyo ni zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Basi kumpa mtoto tawi mkononi si jambo lililobuniwa juzi Ulaya. Lilikuwako Yerusalemu kabla Waingereza wengi hawajaisikia Injili.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Ethiopia wamekuwa Wakristo tangu karne ile ile ya 4. Mpaka leo, Jumapili ya Mitende, waumini wao husokota majani ya mtende wakafanya pete za vidole na vilemba vya kufunga kichwani. Na kule Masasi, kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1960, wanakijiji walianza kutengeneza misalaba midogo ya majani kwa mikono yao, ikapelekwa Uingereza na Marekani kutumiwa na makanisa ya huko. Wanaosema msalaba wa majani ni jambo la Wazungu wakumbuke hili: Wazungu wengi wameshika msalaba uliofumwa na Mwafrika.

Sasa habari za yai. Zamani Wakristo walipofunga Kwaresima waliacha nyama, na mahali pengi waliacha maziwa na mayai pia. Waethiopia hufanya hivyo hata sasa, siku 55 nzima kabla ya Pasaka. Lakini kuku hawafungi! Waliendelea kutaga, na mayai yakajaa vikapuni. Siku ya Pasaka ilipofika, mayai yalikuwa chakula cha furaha, ishara kwamba siku za huzuni zimekwisha. Wakristo wa mashariki wakayapaka rangi nyekundu, kuikumbuka damu ya Bwana. Wakaliona ganda lake kama kaburi lililofungwa, na kifaranga anayelipasua kama uzima ambao kaburi halikuweza kuuzuia. Desturi ikaenea. Mwaka 1290 hesabu za nyumba ya Mfalme Edward I wa Uingereza zaonyesha kwamba mayai 450 yalinunuliwa na kupambwa kwa ajili ya Pasaka. Ama yai la chokoleti, ambalo mtoto wa mjini hulililia dukani, ni la juzi tu. Kampuni ya Fry ya Bristol ilianza kuliuza mwaka 1873. Mzazi asiye na fedha za chokoleti asione haya. Yai la kuku wake ndilo la kale, nalo ndilo la kweli.

Sasa twamgeukia ndugu yetu mwenye bidii, maana yeye naye ana historia upande wake. Ni kweli kwamba mwaka 1548, katika siku za Matengenezo ya Kanisa, serikali ya Mfalme Edward VI ilikataza kubariki na kubeba matawi siku ya Jumapili ya Mitende. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wameyafanya hirizi. Waliyatundika nyumbani wakiamini kwamba yatafukuza pepo na radi. Wazee wa Matengenezo waliona kwamba mtu aliyekuwa akilitumaini tawi alikuwa ameacha kumtumaini Kristo, wakaliondoa. Tawi lilirudi katika makanisa yetu ya Kianglikana muda mrefu baadaye, na sasa wengi hulitumia bila hofu. Lakini onyo lile lingali na nguvu. Nasi tunaishi katika nchi ya radi nyingi, na kuna Wakristo ambao mlangoni wana msalaba na kiunoni wana dawa. Kwa hiyo tuseme wazi: msalaba wa ukindu haumlindi mtu. Unamkumbusha Yeye amlindaye. Mtoto afundishwe hivyo tangu siku anapousuka, na ukikauka na kuvunjika, autupe motoni bila woga.

Hapa tufike nyumbani kwetu. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na Kanisa letu lilikuwa chini ya Askofu wa Uganda mpaka mwaka 1921. Wamisionari wa CMS walifungua Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Waumini wa kwanza waliitwa wasomaji, maana kusoma ndiko kulikowatenga na wengine. Twamshukuru Mungu kwa kitabu. Kilituletea Neno, shule, na hatimaye viongozi wetu wenyewe, mpaka Dayosisi ya Nambale ikaanzishwa mwaka 1987. Lakini mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Kama Pasaka yote imo kitabuni, yeye atangoje nje mpaka lini? Bibi zake walijua kufinyanga chungu, babu zake walijua kusuka kikapu na kutega mgono. Mikono ile ilikuwa na hekima, nasi mara nyingine tuliiacha mlangoni tulipoingia kanisani.

Tena liko jambo moja ambalo yai linatuambia sisi Waluhya zaidi ya watu wengine. Wazee wetu walimkataza mwanamke kula kuku, na mahali pengi hata yai. Kuku alikuwa wa baba na wageni wake. Injili ilipofika, jambo hili liliguswa. Kwa Waquaker wa Kaimosi, ambao misheni yao ilianza mwaka 1902, wake wa waumini wa kwanza walithubutu kula kuku wazi, huku majirani wakingoja waone watapatwa na msiba gani. Hawakupatwa na neno. Hata leo, katika nyumba fulani, mvulana hupewa yai na msichana hupewa kazi ya kulichemsha. Wapenzi, asubuhi ile ya kwanza ya Pasaka, habari za ufufuo zilipewa wanawake kwanza. Basi mayai yakichemshwa Jumapili ya Pasaka, binti naye awekewe lake mkononi, sawa na kaka yake. Kama mayai hayatoshi, yakatwe vipande, kila mtoto apate. Mahubiri hayo binti hatayasahau.

Sasa tuseme namna ya kufanya, maana vitu vyote vimo bomani.

Kwanza, msalaba. Kata majani mawili ya mkindu unaoota kando ya mito, upana wa kidole, moja refu na moja fupi. Yalowe majini ili yasikatike. Lipitishe fupi juu ya refu, kisha funga katikati kwa uzi wa jani hilo hilo, ukizungusha pembe kwa pembe. Pasipo mkindu, tumia ganda kavu la mgomba au la hindi. Mtoto mdogo afunge vijiti viwili.

Pili, yai. Kusanya maganda makavu ya vitunguu, uyatie katika sufuria pamoja na maji na mayai, uchemshe. Yatatoka na rangi nyekundu ya udongo. Ukitaka pambo, bandika jani dogo juu ya yai, ulifunge kwa kitambaa na uzi kabla ya kuchemsha. Alama ya jani itabaki. Na kama una kuku anayetaka kuatamia, mwekee mayai Jumapili ya tatu kabla ya Pasaka, mtoto aandike alama kwa mkaa juu ya moja. Kuku huatamia siku 21. Hesabu ikienda vizuri, vifaranga watatoka Pasaka, na swali la mtoto litatoka pamoja nao.

Tatu, kaburi. Finyanga pango dogo la udongo juu ya sahani kuukuu, tafuta jiwe la mviringo la kuziba mlango, simamisha misalaba mitatu ya vijiti. Ijumaa Kuu jioni, mtoto aweke kitambaa cheupe ndani na kuvingirisha jiwe. Jumapili alfajiri, mzazi aliondoe kabla watoto hawajaamka, akiacha kitambaa kimekunjwa, kama tusomavyo katika Yohana 20. Waache waje wenyewe watazame. Msiwaambie kitu mpaka wameuliza.

Nne, mbegu. Siku mbili kabla ya Jumapili ya Mitende, jaza udongo katika mkebe uliotobolewa chini, mtoto azike maharagwe au mahindi, amwagilie kila asubuhi. Kwetu Pasaka huja wakati wa mvua za kupanda, na mama wengi huwa shambani. Mtoto anayeangalia mkebe wake anaelewa alichosema Bwana katika Yohana 12:24 juu ya punje inayokufa ardhini ikazaa. Mbegu ikichelewa, naye ajifunze kungoja. Wanafunzi nao walingoja.

Ndugu mzazi, usiifanye kazi yote wewe ili ipendeze. Msalaba ulio upande, yai lenye madoa, kaburi lililopasuka, hayo ni sadaka ya mikono ya mtoto. Kaa naye chini. Zima redio, hata hii yetu, ukisha kusikia mazungumzo haya. Swali lake likija, usilipeleke kwa pasta wala kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Katika Kutoka na katika Yoshua, Mungu aliwaachia wazazi kujibu. Useme kwa maneno yako mwenyewe: Yesu alikufa kwa ajili yetu, akazikwa, akafufuka, nami namwamini. Yawezekana mtoto asikumbuke hotuba zetu hata moja. Atakumbuka kwamba siku moja ya mvua, baba au mama alikaa naye barazani akisuka ukindu, akamwambia Kristo yu hai.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewapokea watoto hekaluni na kuikubali sifa yao, ibariki mikono midogo ya nyumba zetu, wavulana na wasichana pamoja. Utuepushe na kuvitumaini vitu tulivyovifanya. Utupe maneno ya kweli watoto wetu watakapotuuliza, na siku ya mwisho utufufue pamoja nao. Kwa jina lako tunaomba. Amina.