Tabibu na daktari

Tabibu, nchini Tanzania, ni mtaalamu wa tiba mwenye stashahada ya miaka 3, anayepima na kutibu wagonjwa bila shahada ya udaktari. Kwenye zahanati za vijijini mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Mama akileta mtoto wa miezi 8 anayekohoa, tabibu humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima: zikifika 50, humwanzishia dawa ya nimonia; mtoto akishindwa kunyonya, huandikiwa rufaa papo hapo.

Daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, na kwake hufikia magonjwa yaliyo tata. Lakini mpaka kati yao haujawahi kuwa ukuta. Kuanzia 1963 Tanzania iliwaendeleza matabibu wazoefu kuwa madaktari wasaidizi, nao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Kuwaita “nusu daktari” ni kuwakosea haki: wapo akina mama walio hai kwa mikono yao.

Nchini Marekani, kada inayofanana na ya matabibu ilianza 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, lakini iliundwa ifanye kazi chini ya daktari. Tabibu wa zahanati ya Tanzania, kwa upande wake, mara nyingi hana daktari wa kumgeukia.