Bahasha ya Rais

Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za korti. Karani wa wakili Nairobi miaka ile alitembea na bahasha kwapani na nauli ya matatu mfukoni. Ukimpata mwenyewe, unamkabidhi mkononi, kisha unarudi kuapa mbele ya kamishna wa viapo: siku fulani, saa fulani, nimempa, amekataa kutia sahihi. Wengi walikataa. Mheshimiwa mmoja alinifungulia mbwa, na mbwa huyo nikamtia kwenye kiapo.

Ndiyo maana kesi ya Kibaki na Moi niliifuata kama kesi ya jirani. Kibaki, aliyetoka wa pili katika uchaguzi wa Desemba 1997, alikwenda Mahakama Kuu kupinga ushindi wa Rais Moi. Sheria ilimpa siku 28 tangu matokeo yatangazwe katika Gazeti Rasmi, awe amewasilisha kesi na kumfikishia mshindi nakala. Kumfikia rais kupitia walinzi wale wote? Hati ikachapishwa katika Gazeti Rasmi.

Mawakili wa Moi hawakujisumbua na kura. Walitaka kesi itupwe mapema, kwa kuwa mteja wao hakukabidhiwa hati mkononi. Julai 1999 majaji watatu wakaitupa. Kibaki akakata rufaa, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasema majaji wale walikuwa sawa. Karibu miaka miwili imeishia kwenye bahasha!

Kenneth Matiba naye, aliyepinga ushindi wa Moi kortini baada ya uchaguzi wa 1992, alikwama kwenye sahihi. Kiharusi kilichompata kizuizini kilimfanya ashindwe kuandika, mkewe akamtilia sahihi kwa idhini ya kisheria, korti ikakataa. Hiyo hadi leo sijaimeza.

Katiba ya 2010 imeruhusu hati ifikishwe kwa tangazo katika gazeti linalosomwa nchi nzima. Kesi ya urais sasa huanzia Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 tu za kuimaliza. Wala haiishii kwenye bahasha tena: katika kesi ya mwaka 2017, kabla ya hukumu, mahakama hiyo iliamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na jambo hilo likatumika dhidi yake uchaguzi ulipofutwa.

Lakini kwa ile ya Kibaki, mimi ningepewa bahasha ningekwenda Ikulu. Ningefukuzwa getini, najua. Ningerudi mjini nikaape juu ya geti, askari, na saa niliyofukuzwa.