Alama Ndogo Juu ya Irabu: Masahihisho ya Tahajia ya Kigikuyu

Jina la mji wa Nyeri, kama liandikwavyo katika ramani, ni kosa la tahajia lililokwisha kuzoeleka. Wenyeji hulitamka kwa irabu moja iliyorudiwa, nayo iko kati ya e na i. Kwa hiyo katika maandishi ya Kigikuyu huwa Nyĩrĩ. Sikio la mgeni lilisikia e mahali pa kwanza na i mahali pa pili, na wino ukakauka hivyo.

Kiswahili kina irabu tano. Kigikuyu, sawa na Kiembu na Kimeru, kina saba, na herufi za Kirumi hazitoshi. Njia iliyopata nguvu ni ile ya kuweka alama ya wimbi juu ya i na u. Katika habari hii hapana budi kumtaja A. R. Barlow wa Misheni ya Kanisa la Scotland, aliyefanya kazi Tumutumu karibu na Karatina, na ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1914.

Alama hiyo ni ndogo, lakini si pambo. Iria ni maziwa. Ĩrĩa ni "ile ambayo". Ziondolewe alama, maneno mawili yanakuwa moja. Taipureta za Kiingereza hazikuwa na herufi hizo, basi mwandishi aliyejali alilazimika kuipitia karatasi tena na kuziongeza kwa kalamu, moja baada ya moja. Wengi hawakujali. Husemwa kwamba msomaji atang'amua maana kutokana na sentensi. Ndiyo, atang'amua yule aijuaye lugha tayari. Mtoto anayejifunza kusoma, au mtafiti atakayeikuta barua hiyo baada ya miaka hamsini, hana msaada huo.

Wala alama ya wimbi haikumaliza kazi. Gũkua ni kufa, gũkuua ni kubeba: tofauti ni urefu wa irabu tu, na tahajia ya kimisheni haikuuonyesha urefu kwa utaratibu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986 jinsi aya aliyoiandika jioni ilivyoweza, aliporudi kuisoma, kutoa maana nyingine kabisa. Katika jina la riwaya yake ya mwaka 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ, a imeandikwa mara mbili. Vivyo hivyo Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, katika Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, kitabu kilichopata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Herufi moja ya ziada. Wasomaji wengine waliiona kuwa ni udhia, na kwa hakika inachosha jicho mpaka lizoee.

Hata hivyo, si kila kalamu inayogusa maandishi ya mwingine inasahihisha. Mhariri anayeongeza wimbi lililosahauliwa humrudishia mwandishi neno lake. Anayefuta neno la Mathira na kuweka la Kiambu, kwa kuwa yeye amelizoea, amemnyang'anya.

Kuhusu jina la Nyeri, muda umepita. Limo katika hati za mashamba, vyeti vya kuzaliwa na mihuri ya shule, na kulisahihisha leo kungezaa mkanganyiko mkubwa kuliko ule ambao ungeondolewa.