Mashahidi wa Mpaka: Tarehe ya Mashamba ya Kizuka

Atokaye Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3 hufika Kizuka kabla ya mji wa Rumonge. Kuliani ni Ziwa Tanganyika, kushotoni milima inapanda kuelekea Bururi, na katikati umebaki ukanda mwembamba wa michikichi, mihogo, migomba na maharagwe. Ni ukanda huo mwembamba uliogombaniwa hata watu wakauana, na ndio unaolisha wenyeji hadi leo.

Mkulima wa Burundi hahesabu mwaka kwa Januari. Ana msimu A, unaopandwa kwa mvua za Septemba na Oktoba. Ana msimu B, wa kupanda Februari na Machi na kuvuna Juni. Na mwenye bonde lenye maji ana msimu C wa kiangazi. Msimu B ndio wenye kazi mbili. Unatia chakula ghalani, na baada yake kiangazi huja na harusi na karamu za kuondoa matanga, kwa sababu ndipo nyumba ina cha kuwapa wageni. Msimu B ukiharibika, marehemu naye husubiri. Familia huahirisha matanga hadi mwaka ujao, na wazee wa ukoo hulisema jambo hilo kwa aibu, kana kwamba wamekopa na hawajalipa.

Hakuna msimu B unaotajwa Kizuka kama ule wa 1972. Tarehe 29 Aprili, mahindi yakiwa bado machanga, waasi wa Kihutu walianza mashambulizi katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi, wakubwa kwa watoto. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu miezi: walimu, wanafunzi, wafanyabiashara, wakulima wa Kihutu waliojua kusoma na wasiojua. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kupanda hadi 300,000. Hapa mwambaoni waliopata mtumbwi walivuka kwenda Kigoma au Kongo. Juni ilipofika, maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na wenyewe hawapo.

Waliovuka kwenda Tanzania walipelekwa makazi ya Katumba na Ulyankulu, na baadaye Mishamo, wakafyeka msitu wakaanza upya. Huku nyuma mashamba yao yalipewa watu wengine. Mengine yalipimwa upya na kupandwa michikichi ya mradi wa serikali, safu kwa safu, na safu hizo hazikufuata mipaka ya zamani. Ua wa mnyaa uliopandwa na babu kutenganisha shamba lake na la jirani uling'olewa. Hapo ndipo pigo la pili lilipoingia, na naona halijaandikwa vya kutosha. Zamani shamba halikuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa mzee. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, walikuwa wakienda shambani wenyewe, wakisimama mpakani na kusema nani alimpa nani, mwaka gani wa njaa au wa mvua kubwa. Kumuua mzee wa namna hiyo kulikuwa kufuta ushahidi wa mashamba kumi.

Mwaka 2008 na 2009, baada ya Tanzania kuwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kuchukua uraia au kurudi, zaidi ya 50,000 walirudi Burundi, na wengi asili yao ni mwambao huu. Sheria ya ardhi ya 1986 ilikuwa ikimlinda aliyekaa kwenye shamba miaka 30. Piga hesabu: aliyekimbia 1972 haki yake ilikwisha 2002, vita vya wenyewe kwa wenyewe bado vinaendelea na njia ya kurudi imefungwa. Sheria ya namna hiyo yaweza kufaa nchi tulivu. Kwa Rumonge ilikuwa dhuluma. Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, na Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ikapewa kesi hizo. Mwanzoni ilipenda aliyerudi na aliyekaa wagawane shamba. Baada ya 2011 ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Mwenye kukaa naye hakuwa mgeni wa jana: alikuwa amekaa pale zaidi ya miaka 30, na makaburi ya wazazi wake yako nyuma ya nyumba. Kila upande ulikuja mbele ya tume na marehemu wake.

Shahidi mwingine aliyebaki ni mchikichi wenyewe. Uliopandwa kabla ya 1972 leo ni mrefu mno. Kijana huupanda kwa kamba kiunoni na panga mkononi, huku walio chini wakimkataza. Mikungu ikishuka, chikichi hupukuchuliwa, huchemshwa kwenye pipa, kisha hutiwa mashine ya mkono na watu wawili huzunguka wakisukuma nondo hadi mawese yachuruzike mekundu. Makapi yaliyokamuliwa hurudi motoni kupikia pipa linalofuata. Hapo kwenye mashine ndipo majina hutajwa: huu ulipandwa na fulani, ule na baba yake fulani. Mavuno yakiwa haba, majina hutajwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa kila dumu lina wadai wawili.

Na yamekuwa haba. Mvua za kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024 zilipandisha ziwa likameza nyumba na mashamba ya mwambao, Rumonge ikiwemo, na mito ikashusha mchanga wa milimani juu ya mimea. Uhaba wa mafuta ya gari nao ulikuwepo, mzigo ukakosa wa kuubeba kwenda Bujumbura. Viwavijeshi vamizi viko tangu 2017. Matanga mengi yakangoja.

Wenye kumbukumbu za kabla ya 1972 sasa wana miaka sitini na zaidi. Tangu sheria ya 2011, komini zinaweza kutoa cheti cha ardhi. Kama nyumbani kwako Kizuka kuna mzee wa umri huo, mpeleke shambani kiangazi hiki pamoja na jirani yako, na mtu wa kuandika.