Kwinini ya Amani, Nusukaputi na Mbwa Asiyetikisika

Taasisi ya Biolojia na Kilimo, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Amani katika Usambara Mashariki, hukumbukwa zaidi kwa mikwinini yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifungia koloni njia ya bahari, magome ya miti hiyo yalitoa kwinini kwa askari wenye malaria. Lisilotajwa sana ni kwamba kwinini hupunguza pia mwitikio wa msuli kwa neva, na hivyo huzidisha nguvu za dawa za kulegeza misuli.

Asili ya dawa hizo ni kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Kurare huziba vipokezi pale neva inapokutana na msuli, bali haigusi fahamu: mnyama hutulia huku akisikia kisu. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1876 dhidi ya ukatili kwa wanyama ilikataza kurare isihesabiwe kuwa dawa ya usingizi. Neno letu nusukaputi, ambalo hudhaniwa kubeba kaputt ya Kijerumani, halitenganishi mambo hayo. Aliyelala na aliyepooza wote huonekana nusu wafu.

Mwaka 1942, huko Montreal, Harold Griffith aliwapa wagonjwa kurare pamoja na gesi ya saiklopropeni. Baadaye ilidhihirika kwamba chini ya etha dozi ya kurare yapasa kushushwa hadi kama theluthi moja. Etha, na baada yake halotheni na isoflureni, hutuliza uti wa mgongo na kudhoofisha maungio yaleyale ya neva na msuli.

Kwa mbwa tatizo lilikuwa zito zaidi. Tubokurarini huwamwagia histamini, shinikizo la damu likaporomoka, ilhali gesi nayo hulishusha. Waganga wa mifugo wakahamia atrakuriamu na vekuroniamu. Hata hizo hudumu zaidi chini ya sevoflureni kuliko chini ya propofoli ya sindano. Hivyo dozi hupunguzwa, mbwa hupumulishwa kwa mashine, na neva huchokozwa kwa umeme ili kupima kiasi cha msuli kilichobaki. Kina cha usingizi hakipimwi hivyo. Mbwa aliyelegezwa hawezi kukunja mguu wala kupepesa jicho. Gesi ikipungua, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinavyopanda ndivyo vinavyomsemea.