Kuhamisha

Mwaka 2008, toleo la 2.6 la lugha ya programu ya Python lilitoka na nyaraka zilizoondolewa kwenye alama za LaTeX na kuwekwa katika mfumo mwingine wa alama, reStructuredText. Wengi husema nyaraka "zilibadilishwa". Mimi nashikilia neno "kuhamisha". Abadilishaye shati huacha la kwanza. Anayehama hubeba vyombo vyote, na kikivunjika kikombe njiani, hasara ni yake. Kwa mfano, katika nyaraka zile za LaTeX, jina la moduli, yaani sehemu ya programu, lilikuwa na alama yake maalumu. Likihamishwa kama herufi za mlazo tu, jicho halioni tofauti, lakini kompyuta haitambui tena kuwa hiyo ni moduli, na kiungo kinakatika. Sphinx, programu aliyoiunda Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka hizo, ilizipa alama za namna hiyo makao mapya.